Karabai na Udongo wa Bokoli

Kwa wiki tatu swali moja lilininyima usingizi: ule udongo wa Bokoli ulikuwa umekufa kweli, au niliuua mimi?

Likisemwa hivyo linaonekana swali dogo. Mtu mwingine angelijibu kwa nusu saa na kwenda kunywa chai. Mimi nililigeuza na kuligeuza kama mtu anayetafuta upande wa kulalia kwenye godoro bovu, na kila upande niliokuta ulikuwa na bonde.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, shahada ya elimu ya wanyama, na kwa miezi mingi nilikaa kwa wazazi wangu nje ya Kitale nikisaidia kukamua na kuwaeleza majirani kwamba sikusomea kutibu ng'ombe. Kisha nikapata kazi ya muda katika mradi mmoja wa udongo uliokuwa na ofisi Bungoma. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu wadudu wa ardhini, wale wadogo kabisa wasio na mabawa. Mama yangu alipouliza nitawafanya nini nikishawahesabu, nilijibu kwamba nitawaandika. Akarudi kwa maziwa yake.

Wadudu hao nilikuwa nawajua kabla ya kujua jina lao la Kilatini. Katikati ya miaka ya sabini, nikiwa msichana wa shule ya msingi, nilitumwa kila asubuhi kuchota maji ya ndama, na njiani palikuwa na alama za kwato zilizojaa maji ya mvua. Juu ya maji hayo palikaa kitu kama majivu. Nilidhani ni majivu kweli, ya jikoni, yaliyopeperushwa na upepo. Siku moja nikayagusa kwa ncha ya jani la mtama, na majivu yakaruka. Punje zote ziliruka mara moja, kila moja upande wake, zikatua tena juu ya maji bila kulowa. Nilichelewa na ndama wakalia. Sikumwambia mtu, kwa kuwa sikujua ningeanzaje.

Chuoni ndipo nilipowaona vizuri chini ya hadubini. Mkubwa wao hafiki urefu wa punje ya mchele. Ana miguu sita, kichwa chenye papasi mbili fupi za vipande vinne, na tumbo la pingili sita. Chini ya tumbo kuna uma mdogo, umekunjwa kuelekea mbele na kushikwa na kindoano. Akitishwa, kindoano kinaachia, uma unapiga ardhi, naye anatupwa hewani umbali ambao kwa kipimo changu ni sawa na mimi kuvuka soko zima la Kitale kwa mruko mmoja. Hajui atatua wapi. Anatua popote, mara nyingi kwa mgongo, kisha anajigeuza na kuendelea na safari. Nilimwonea wivu kwa hilo.

Mbele kidogo ya uma ana kijibomba kifupi kinachotoka tumboni. Kwa hicho ananyonya unyevu na kujishikiza mahali penye utelezi. Wengi wao hupumua kwa ngozi tu, na ngozi hiyo hukataa maji kama jani la yugwa. Lakini inayokataa maji kutoka nje haiwezi kuyazuia yaliyo ndani yasitoke. Hewa ikikauka, mdudu hukauka nayo. Hula ukungu, majani yanayooza na vinyesi vya wenzake. Hujivua ngozi maisha yake yote, hata akiwa mzee. Na dume hamsumbui jike. Huacha tone la mbegu juu ya kijiti chembamba ardhini, akaenda zake, na jike akipita na kupendezwa, analichukua. Nilipomsimulia rafiki yangu wa chumba jambo hili alisema, "Si ungeniambia mapema, nitafute mwanaume wa aina hiyo."

Jambo moja zaidi, na hili ndilo lililonitesa baadaye. Si wote wanaoishi juu. Wale wa juu, penye majani, wana rangi, macho na uma mrefu. Wale wa chini kabisa ni weupe kama ugali. Hawana macho, miguu yao ni mifupi, na wengine hawana uma hata kidogo. Hawawezi kuruka. Wanatambaa polepole gizani, na safari ya urefu wa kidole kwao ni safari ya siku nzima.

Ili kuwatoa kwenye udongo tulitumia faneli. Unaweka udongo juu ya wavu wa waya mdomoni mwa faneli, juu yake unawasha balbu hafifu, na chini unatega chupa ya spiriti. Udongo unakauka taratibu kutoka juu, wadudu wanakimbia ukavu kwenda chini, mwisho wanadondoka ndani ya chupa. Kazi hiyo huchukua siku sita. Neno muhimu hapo ni taratibu. Nililiandika kwenye daftari langu na kulipigia mstari, kisha nikalisahau.

Ofisi ya Bungoma haikuwa na chumba cha ziada, kwa hiyo faneli nne zilikaa kwangu Matisi, mtaa wa Kitale, katika chumba nilichopanga nyuma ya nyumba ya mzee mmoja wa Kisikh mwenye duka la misumari na mabati mjini. Aliniita beti, yaani binti kwa lugha ya kwao, na alipoona mwanga wa balbu nne juu ya udongo aliuliza kama naotesha kitu. Nikamwambia nawatoa wadudu. "Basi ukimaliza hapa, njoo stoo yangu," akasema. "Wadudu iko mingi sana, bure."

Udongo niliokuwa nikiupima ulitoka Bokoli, katika shamba la kikundi cha akina mama. Pale kwetu na kwao, mwanamke mwenye bidii hujulikana kwa shamba safi. Kabla ya kupanda, mabua ya mahindi hukusanywa na kuchomwa, na ardhi ikabaki nyekundu na laini kama uwanja uliofagiwa kwa ajili ya wageni. Shamba lenye takataka linamsema mwenyewe. Katika kikundi hicho palikuwa na mjane mmoja, mrefu, mwenye mazoea ya kuokota udongo na kuunusa kabla ya kukujibu swali lolote. Yeye hakuchoma. Alilaza mabua juu ya ardhi na kupanda katikati yake. Wenzake walimcheka misimu mingi, mwisho wakakubaliana hivi: nusu ya shamba la kikundi ilimwe na kuchomwa kama kawaida, nusu nyingine apewe yeye na mabua yake kwa misimu miwili. Kisha watu wa udongo wapime. Ikionekana mabua hayana faida, trekta litapita juu ya nusu yake, naye ataacha maneno.

Siku niliyokwenda kuchukua udongo wake aliinua bua moja kwa kidole cha mguu. Chini yake vitu vidogo vya kijivu vikaruka kila upande.

"Hivi unavijua?" akaniuliza.

"Navijua, mama."

"Mimi sijui jina yake. Lakini vikiruka hivi najua hapa chini pako sawa. Kule kwa hao wengine haviruki." Akaufikisha udongo puani, akanusa, akanipa na mimi ninuse. "Andika hiyo pia."

Sikuandika. Hapakuwa na safu ya harufu kwenye fomu.

Udongo wa upande uliochomwa niliupima kwanza, kwa balbu, kwa siku sita. Nilipofika upande wa mabua, transfoma ya Matisi ililipuka, stima ikapotea, na hakuna aliyejua ingerudi lini. Udongo ulikuwa unangoja ndani ya mifuko na tarehe ya mkutano wa kikundi ilikuwa inakaribia. Niliwaza mambo mengi, na kati ya yote nikachagua lile lililonifanya nionekane mwerevu. Nilimwomba mwenye nyumba karabai.

Karabai ina tangi la mafuta chini na joto lake hupanda juu, nami nililijua hilo, kwa hiyo nilikunja kipande cha bati na kukiinamisha juu yake ili kirudishe joto chini, kisha nikazipanga faneli nne kuizunguka, karibu sana. Nilijisifu kimoyomoyo. Mzee alisimama mlangoni akiangalia.

"Beti, wewe natengeneza jiko ya mikate."

"Ni taa tu, mzee. Ile ya stima pia ni taa."

"Ile taa. Hii moto." Akatikisa kichwa. "Pampu pole-pole, basi."

Kazi ya siku sita ilikwisha kwa siku mbili. Udongo ulitoka mgumu na mkavu kama ukoko. Chini ya hadubini, chupa za upande uliochomwa zilikuwa na mamia ya wadudu, wa juu na wa chini. Chupa za upande wa mabua zilikuwa na wadudu kumi na saba. Niliwahesabu mara nne. Nikaandika kumi na saba.

Barua ya matokeo nilikisomea kikundi mwenyewe, ndani ya kanisa lao la mabati, siku ya Alhamisi. Nilisema upande wa mabua karibu hauna uhai. Mwenyekiti, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, akasema, "Ati mabua yanalisha udongo. Si mnaona yamelisha?" Wakacheka. Mmoja akampiga mjane begani kwa upole na kumwambia sasa atapata kuni za bure. Wakapanga trekta lije baada ya wiki tatu.

Mjane hakubishana. Aliniangalia tu na kusema, "Kama mwalimu amesema." Hakuna mtu aliyewahi kuniita mwalimu kabla ya siku hiyo, na nilitamani asingeanza yeye.

Shaka ilinijia baadaye, nikiwa napiga mstari chini ya majedwali ya ripoti ya ofisi. Wale kumi na saba wote walikuwa na uma. Wote walikuwa wa rangi, wenye macho, wepesi. Hapakuwa na hata mmoja mweupe. Upande uliochomwa, wenye chakula kidogo, ulikuwa na weupe wengi, na huu uliofunikwa kwa misimu miwili, wenye unyevu na ukungu, haukuwa na hata mmoja. Nikajiuliza ni nani wangefika kwenye chupa kama udongo ungekauka haraka. Ni wale wanaojua kukimbia. Na ni nani wangefia njiani? Jibu nililiona mara moja, na kwa sababu nililiona mara moja sikuliamini.

Basi nikaanza kujitetea. Huenda mabua yana sumu. Huenda siafu walipita. Huenda nilichukua udongo mahali pabaya, au weupe wanachukia mabua kwa sababu ambayo chuoni hatukufika. Niliandika sababu hizo kwenye karatasi, nikazipa alama kwa mia, na karabai nikaipa alama chache kuliko siafu. Hivyo ndivyo nilivyopitisha wiki ya kwanza.

Wiki ya pili nikakumbuka majivu juu ya alama za kwato.

Udongo uliookwa nilikuwa nao bado ndani ya mikebe, maana ulikuwa unangoja kupimwa uzito. Nilichukua beseni la kufulia, nikalijaza maji, nikamimina mkebe mmoja na kuukoroga taratibu kwa kijiko. Udongo ukazama. Maji yalipotulia, juu yake palielea vumbi jeupe, kama unga uliomwagika. Nilijiambia ni vipande vya mizizi. Nikachota kidogo kwa ncha ya brashi na kuweka chini ya hadubini.

Ilikuwa miili. Ilikuwa imejikunja na kukauka, lakini papasi zilikuwepo, pingili sita zilikuwepo, na kijibomba cha tumboni kilionekana kwa baadhi yao. Walikuwa weupe, vipofu, na walikuwa wengi kiasi kwamba niliacha kuhesabu. Mkebe wa pili ulikuwa vilevile. Nilikwenda nje, nikakaa kwenye jiwe la kufulia, nikatazama kamba ya nguo kwa muda mrefu. Mzee alipita na magazeti yake kwapani.

"Imekufa?" akauliza, maana aliona uso wangu.

"Wamekufa. Ile karabai yako, mzee."

"Karabai yangu mzuri sana," akasema bila kukasirika. "Wewe napika."

Nilimpelekea habari mkubwa wangu Bungoma. Alikuwa mtu mpole, mwenye watoto wengi na ripoti nyingi zaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho akimenya chungwa.

"Ripoti imeshaenda," akasema. "Msimu ujao tutapima tena, kwa balbu. Kimya kimya."

"Msimu ujao hapatakuwa na mabua. Trekta litakuwa limepita."

"Basi tutapima penye trekta." Akanipa nusu ya chungwa. "Shamba halifi kwa kulimwa, bana. Wewe unafikiria sana. Na mkataba wako unaisha mwezi huu, fikiria hiyo pia."

Hakuwa ananitisha. Alikuwa ananikumbusha, kama mtu anavyokukumbusha mwavuli. Nilikula chungwa lake na kurudi Matisi, na nikaanza kuandika barua kwa kikundi.

Niliandika barua nne. Ya kwanza ilianza kwa kueleza faneli ni nini. Ya pili ilianza na transfoma. Ya tatu ilikuwa na mchoro wa mdudu, umbo lake limekatwa ubavuni, sehemu zote zikiwa na mishale. Ya nne ilikuwa nzuri kuliko zote, kurasa tatu, na nilipoisoma niligundua kwamba neno "mimi" lilikuwa linatokea kwa mara ya kwanza katikati ya ukurasa wa pili. Kabla ya hapo ilikuwa stima, na joto, na unyevu, na wadudu wenyewe, kana kwamba walijiwashia taa.

Nikachukua karatasi ya tano nikaandika sentensi moja: Wadudu wa upande wa mabua niliwaua mimi kwa taa, na yote niliyowasomea si kweli. Niliitazama. Sentensi fupi kiasi hicho haikuhitaji barua. Ilihitaji mtu aende akaiseme.

Hata hapo nilijadiliana na nafsi siku mbili zaidi. Nilijiuliza kama wangeniamini mara ya pili, mtu aliyewadanganya mara ya kwanza kwa uhakika mkubwa vile. Nilijiuliza kama wangecheka. Nilijiuliza mkubwa wangu angesikia kutoka kwa nani. Nilimfikiria yule mdudu na uma wake, anavyojitupa bila kujua atatua wapi, nikakumbuka kwamba hafikirii kwanza. Kwake kindoano kinaachia tu. Mimi kindoano changu kilikuwa kimeshika kutu.

Trekta lilikuwa lije Ijumaa. Alhamisi, siku yao ya mkutano, nilifika Bokoli nikiwa na mkebe mmoja wa udongo uliookwa na lenzi ya mkono. Walikuwa wameshaomba. Mwenyekiti akaniona mlangoni.

"Mwalimu wa viroboto amerudi," akatangaza. "Leo umetuletea maiti ya nani?"

Wakacheka, na mimi nikajikuta natabasamu, kwa maana swali lake lilikuwa sahihi kuliko alivyojua.

"Nimeleta ya wale wa upande wa mabua," nikasema. "Niliwaua mimi. Stima ilipotea nikatumia karabai, udongo ukaungua kabla hawajatoka. Walikuwemo, wengi. Niliwaambia hawamo, na si kweli."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa mbele akamwuliza jirani yake kwa sauti ya chini karabai inaingiaje kwenye udongo, na jirani akamweleza vizuri kuliko barua yangu ya nne: "Si ameoka udongo kama mkate, halafu anashangaa wadudu hawatoki."

"Kwa hivyo trekta?" mwenyekiti akauliza.

"Naomba trekta lisipite upande wa mabua. Stima imerudi. Nitachukua udongo leo, pande zote mbili, siku moja, taa moja. Siku ya kuhesabu mchague wawili waje Kitale waone. Nikikuta hamna kitu, nitasema hivyo pia."

"Na mkubwa wako anajua umekuja?"

"Hajui. Nitamwambia nikitoka hapa."

Mwenyekiti aliwaangalia wenzake, kisha akamwangalia mjane aliyekuwa amekaa kando ya dirisha, mikono mapajani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Nilikuwa nimeandaa hata majibu matatu. Alisimama, akaja, akafungua mkebe mikononi mwangu, akatia vidole, akanusa.

"Hii imechomwa," akasema. "Hata bila darubini yako ningekuambia. Si nilikupa pua?"

"Ulinipa, mama."

"Wewe ulivichoma, na mimi ndio nilichekwa wiki tatu." Aliufunga mkebe polepole, akanirudishia. "Sasa hawa wa nyuma hawajasikia. Kuna wengine wako nje na watoto. Ita wote, useme tena."

Mwenyekiti akaenda mlangoni kuwaita. Waliingia mmoja mmoja, wakabanana kwenye benchi, wakaulizana kuna nini. Nikangoja mpaka wa mwisho alipokaa. Kisha nikasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, nikianza na neno mimi.